Kisu cha babu kikipotea Ufipa, nani atakirudisha?

Barabara ya lami kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga ina urefu wa zaidi ya kilomita 200. Inapita Laela, kisha inaingia kwenye nchi pana ya nyasi, mashamba ya mahindi, maharage, ulezi na alizeti, na ng'ombe wanaovuka bila haraka. Hizi ndizo nyanda za juu za Ufipa. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, mashariki Ziwa Rukwa, na mji wa Sumbawanga umekaa juu, katikati ya maziwa hayo, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,800. Mwezi Juni na Julai watu hutembea na makoti hata jua likiwa limeshachomoza.

Katika mfuko wa koti la mkulima hapo, usishangae kukuta kisu kidogo cha kukunja. Kinakata kamba ya ng'ombe, kinamenya muwa, kinachonga mpini wa jembe, kinatoboa katambuga na kufungua gunia la mbolea. Bei yake si kubwa. Lakini kama kilikuwa cha babu, kikaja kwa baba, na sasa kiko kwa kijana wa miaka 15 anayechunga, thamani yake haipimwi kwa bei ya dukani.

Kisu cha namna hiyo kikipotea, nyumba nzima inajua. Na namna wazazi wanavyolipokea jambo hilo inaweza kuamua mambo mawili: kama kisu kitarudi, na kama mtoto atasema ukweli siku akijikata.

Kinakopotelea

Kisu cha mfukoni hupotea pale kinapofanya kazi. Kinaachwa juu ya jiwe baada ya kumenya muwa, kinadondoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, au kinapenya tundu la mfuko ambalo mama alishasema lishonwe.

Ufipa ina mahali pengine pa kupotelea. Wakulima wa huko wana kilimo cha zamani cha matuta ya mviringo yanayoitwa ntumba. Mkulima hukata nyasi na magugu, huyarundika, kisha huyafunika kwa udongo. Nyasi huozea ndani na kuwa mbolea, na juu ya tuta hupandwa maharage au zao jingine. Msimu unaofuata tuta hubomolewa, udongo wake husambazwa, ndipo unapandwa ulezi au mahindi.

Mtu anayekata nyasi ana kisu mkononi au mfukoni. Kikidondoka kwenye rundo, kinafunikwa pamoja nalo. Unaweza kutafuta wiki nzima kando ya njia, kumbe umekizika mwenyewe. Ila tuta hilo halidumu. Litakapobomolewa, jembe linaweza kugonga chuma, na kisu kikaonekana tena kikiwa na kutu, mpini wake wa mti umeanza kuoza, lakini bembe likiwa bado linafaa kunolewa.

Nchi ya wafua chuma

Kuna sababu ya Wafipa kukiheshimu chuma. Kabla ya majembe ya viwandani kufika, chuma kilitoka ardhini kwao. Mafundi walijenga matanuri marefu ya udongo yanayoitwa malungu, mengine yakifikia mita tatu kwenda juu. Walipenda kuyajenga karibu na vichuguu, kwa sababu udongo wa kichuguu unavumilia moto. Tanuri lilijazwa mkaa na mawe yenye chuma. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini, na moto uliwaka kwa siku kadhaa.

Kilichotoka humo bado kilikuwa na uchafu. Kilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, ambalo lilipulizwa kwa mivukuto mpaka chuma kikawa safi cha kutosha kumfikia mhunzi. Zao kuu lilikuwa jembe, lakini wahunzi walifua pia shoka, mikuki na visu. Kazi hiyo ilikuwa na dawa na miiko yake, na tanuri lilitunzwa na kupambwa kama bibi harusi.

Mwanaakiolojia wa Tanzania, Bertram Mapunda, aliichunguza historia hii ya ufuaji chuma wa kusini-magharibi mwa nchi katika miaka ya 1990. Mabaki ya malungu bado yanaonekana katika maeneo ya Ufipa. Moto wake ulizimika katika karne ya 20, vyuma vya bei nafuu kutoka viwandani vilipojaa sokoni.

Visu vya kukunja ni sehemu ya vyuma hivyo vya kuja. Kimoja kinachojulikana sana barani Afrika ni Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yake ya Afrika, wakati Tanganyika ikiwa mojawapo, na Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika chini ya nyanda za Ufipa, ikiitwa Bismarckburg. Siku hizi Okapi hutengenezwa Afrika Kusini. Mpini wake wa mti wenye alama za mwezi na nyota umewafanya wengi wakitambue kwa mbali.

Ukienda mbali zaidi nyuma, zana za kukatia katika eneo hili zina umri unaoshangaza. Mto Kalambo, unaopakana na Wilaya ya Kalambo, huanguka kwa zaidi ya mita 200 kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia. Juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, watafiti wakiongozwa na Larry Barham walikuta magogo mawili yaliyounganishwa kwa kuchongewa pengo. Matokeo yalitangazwa Septemba 2023: umri wake ni takribani miaka 476,000. Waliochonga hawakuwa na chuma. Walitumia mawe yaliyochongwa yakawa na makali, na alama za makali hayo bado zimo kwenye mti.

Alama na mdomo

Mtu akipoteza simu au kitambulisho, anakwenda polisi kuchukua ripoti ya upotevu. Kwa kisu hakuna anayefanya hivyo. Kisu hurudishwa na vitu viwili: alama na mdomo.

Alama ni ule mkwaruzo, herufi iliyochomwa kwa msumari wa moto, uzi mwekundu kwenye mpini, au pembe iliyovunjika. Kisu chenye alama kina mwenyewe. Kisu kisicho na alama ni cha yeyote aliyekiokota. Basi mzazi anayemkabidhi mtoto kisu cha ukoo aanze na hilo: kikae na alama, na majirani wawili watatu wawe wameiona.

Mdomo ni kutangaza mapema. Waambie wachungaji wenzake, waliopanda mkokoteni mmoja, wanaochota maji kisima kimoja. Tangazo fupi baada ya ibada, au kwa mwenyekiti wa kitongoji, hufika mbali kuliko kupekua nyasi peke yako.

Sheria nayo haiko mbali na desturi. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, mtu aliyeokota kitu bila kumjua mwenyewe, akiamini kwa sababu za msingi kwamba mwenyewe hawezi kupatikana, hahesabiwi kuwa ameiba. Lakini anayemjua mwenye kisu kisha akakaa kimya na kukifanya chake, hawezi kujificha nyuma ya neno "nimeokota". Hilo ni somo ambalo mtoto wa darasa la tatu analielewa.

Liko jambo moja la kuepuka kabisa. Jina Sumbawanga kwa Kifipa hutafsiriwa kuwa "tupa uchawi". Ni jina zuri la kukumbuka kila mara mtu anapoamua kwenda kupiga ramli ili aambiwe nani kachukua kitu chake. Ramli chonganishi imeshavunja undugu na kuwaponza wazee wasio na kosa katika mikoa mingi ya nchi hii. Kisu kilicho ndani ya tuta hakihitaji mshukiwa. Kinahitaji subira mpaka msimu wa kubomoa.

Mtoto anayeogopa kusema

Methali inasema mtoto akililia wembe, mpe. Wazazi huitumia kumwacha mtoto ajifunze kwa maumivu. Kwa jeraha la shambani, somo hilo lina gharama kubwa.

Chukua mfano wa mtoto wa miaka tisa aliyeokota kisu kichungani. Amejikata kidole wakati wa kukifungua. Akijua kwamba nyumbani ataulizwa kwanza "Umekiiba wapi?" na kuchapwa, atafanya mambo mawili kwa pamoja: ataficha kisu na ataficha kidole. Au ni yeye aliyepoteza kisu cha babu. Kama anajua kwamba fimbo inamsubiri, hatasema leo. Atasema wiki ijayo, wakati watu wameshasahau walikopita, au hatasema kabisa.

Kidole kilichofichwa ndicho cha kuogopa. Vimelea vya pepopunda huishi kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama, vitu ambavyo mtoto anayechunga au kulima anavigusa kila siku. Kutu peke yake haileti pepopunda. Hatari ni udongo ulioshika kwenye kisu kilicholala shambani, unaoingia ndani ya jeraha, hasa jeraha jembamba lenye kina.

Dalili huanza mara nyingi kati ya siku tatu na 21 baada ya kuumia, wakati mwingine jeraha likiwa limeshafunga. Taya hukakamaa, kumeza kunakuwa kugumu, shingo na mgongo hukaza, kisha hufuata mishtuko ya misuli inayouma sana. Huo si ugonjwa wa kusubiri kesho. Mtoto apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Mtoto akijikata, fanya hivi:

Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika kumi mfululizo, bila kufunua kuchungulia, na mkono uinuliwe juu. Damu ikipungua, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha funika kwa kitambaa safi. Usiweke mavi ya ng'ombe, majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno.

Nenda kituo cha afya kama damu haikomi, jeraha lina kina au limeachama, limeingia udongo, au kidole hakikunjiki au kimekufa ganzi. Kama damu inatoka kwa wingi, endelea kubonyeza njia nzima.

Chukua kadi ya kliniki ya mtoto. Chanjo anazopata akiwa na wiki sita, 10 na 14 zina kinga ya pepopunda ndani yake, lakini kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi sita kwa jumla: tatu za uchangani na tatu za kuongeza nguvu, ya mwisho ikiwa kati ya miaka 9 na 15. Muulize mhudumu kama mtoto wako anahitaji nyingine.

Kabla ya kumkabidhi

Hakuna umri mmoja unaofaa watoto wote. Mtoto yuko tayari pale anapoweza kufuata maagizo hata asipoangaliwa. Mfundishe kukata kuelekea nje, mbali na mwili wake. Akimpa mwenzake kisu, kiwe kimekunjwa. Asikimbie nacho kikiwa wazi, wala asikitumie kama mchezo wa kurushiana. Kinolewe, kwa sababu kisu butu hulazimisha nguvu, na nguvu ndiyo inayoteleza. Shuleni kisiende.

Kama familia inasafiri, kumbuka kwamba visu vingi vya urithi huishia mikononi mwa walinzi wa uwanja wa ndege. Anayeshuka kutoka Sumbawanga hadi Songwe ili apande ndege akiweke kwenye begi kubwa linalokabidhiwa, si kwenye mkoba wa mkononi. Kikikutwa kwenye ukaguzi, kwa kawaida kinabaki hapo.

Kwa waliokwisha kupoteza chao Ufipa, msimu wa kubomoa matuta ni wa kupiga jembe kwa macho. Watoto ndio wanaotangulia kuona kinachong'aa kwenye udongo. Mmoja akija mbio na kusema, "Baba, nimeokota kisu," swali la kwanza liwe, "Hujajikata, mwanangu?" La pili ndiyo liwe, "Umekiona wapi?"