Dawa ya Miti na Swali la Kipimo



Timau ni mji mdogo ulioko barabara ya Nanyuki kwenda Meru, kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya. Kuna mashamba ya ngano, viazi na maua, na kuna baridi ambayo humfanya mtu wa pwani avae koti juu ya kanzu na bado atetemeke. Waislamu wa huko si wengi, nasi huwaendea mara kwa mara kwa ajili ya darsa. Safari hii, baada ya darsa ya akina mama, mama mmoja alibaki nyuma akiwa na chupa ya chai mkononi. Ndani hamkuwa na chai. Mlikuwa na maji mekundu ya magome yaliyochemshwa, na swali lake lilikuwa fupi: mke wa mwanawe ana mimba ya miezi sita na mgongo wamuuma, na mzee wake hukatizwa usingizi na mkojo usiku kucha. Amepewa dawa hiyo moja kwa wote wawili. Je, ni halali?

Tulimjibu kwamba asili ya mimea ni ruhusa, na kwamba hakuna aliyeharamisha gome la mti kwa kuwa ni gome. Lakini uhalali wa mti haumalizi maneno. Kuna kujidhuru na kumdhuru mwingine, na hayo yamekatazwa. Basi tukamuuliza: ni mti gani, ni kiasi gani, na aliyempa alijuaje kwamba kinachomfaa mzee wa miaka sabini chamfaa pia mwanamke mwenye mtoto tumboni? Tukamsihi yule binti asinywe hata kikombe kimoja kabla ya kuonana na mkunga wa kliniki, na mzee apelekwe hospitali akapimwe.

Jibu hilo halikumridhisha. Akasema, kwa adabu, kwamba bibi yake alikunywa na akazaa watoto tisa.

Hoja ya bibi hatuidharau. Elimu ya miti imehifadhiwa na wazee, wanawake kwa wanaume, tangu kabla ya zahanati ya kwanza kujengwa, na watafiti wenyewe huanzia hapo. Mwaka 2012 Martin Gakuubi na Wycliffe Wanzala walichapisha utafiti wao kuhusu mimea inayotumiwa kutibu mifugo katika wilaya ya Buuri, ambayo Timau ni sehemu yake. Waliwauliza watu wa huko ni mti upi hutumiwa, kwa maradhi gani, na huandaliwaje. Hiyo ni kazi ya thamani, maana mzee akifa bila kuulizwa huondoka na maktaba yake. Hata hivyo, kuorodhesha si kupima. Orodha hutuambia watu wanafanya nini. Haituambii kama mbuzi alipona kwa sababu ya jani lile au angepona tu akiachwa malishoni. Na baina ya mbuzi na mja mzito kuna safari ndefu.

Safari hiyo ndiyo tungependa wasomaji wetu waijue, kwa sababu wengi hudhani maabara ni chumba cha kuwakejeli waganga. Kwanza mti wenyewe hutambuliwa. Tawi lenye majani, na maua yakiwapo, hukaushwa na kulinganishwa na vielelezo vilivyohifadhiwa, kama vile vya hifadhi ya mimea iliyoko Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, kwani jina moja la kienyeji huweza kubeba miti miwili au mitatu. Kisha sehemu inayotumika hukaushwa, husagwa, na hulowekwa katika maji au spiriti ili kutoa kilichomo. Kinachotoka hujaribiwa juu ya vijidudu au chembe hai ndani ya vyombo, halafu juu ya panya, kwa viwango vinavyopanda, ili ijulikane kinaponya wapi na kinaanza kuua wapi. Mwisho kabisa ndipo huja binadamu, wengine wakipewa dawa na wengine kidonge kitupu, bila wenyewe kujua nani amepewa kipi. Dawa nyingi huanguka njiani.

Maji mekundu ya mama yule, tuliambiwa, yalikuwa ya mti ambao Wakikuyu na Waembu huuita muiri. Kwa kitaalamu ni Prunus africana, mti mkubwa wa misitu ya milimani, na jani lake likisagwa vidoleni hunukia lozi chungu. Huu si mti wa kubahatisha. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alisajili hataza ya dawa iliyotolewa katika gome lake, na tangu hapo wazee wa Ulaya wenye tezi dume iliyovimba wameitumia kwa vidonge. Uchambuzi wa majaribio 18 yenye wanaume 1,562, uliochapishwa na Cochrane mwaka 2002, ulionyesha kuwa waliopewa dawa ya gome hilo walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusema wamepata nafuu, kuliko waliopewa kidonge kitupu. Waliamka mara chache zaidi usiku. Wachambuzi wakaongeza kwamba majaribio mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi.

Kwa hiyo aliyempa mama yule gome kwa ajili ya mzee hakusema uongo. Lakini tazameni kilichopimwa. Kilichopimwa ni kiini kilichotolewa kwa vimumunyisho vinavyochukua mafuta ya gome, kikawekwa katika vidonge kwa kipimo cha miligramu kinachojulikana. Gome lililochemshwa katika sufuria juu ya jiko la makaa ni kitu kingine. Huenda lina kidogo ya kile kinachotakiwa, huenda lina kingi cha kisichotakiwa, na vikombe viwili vya wiki hii si sawa na vikombe viwili vya wiki ijayo. Isitoshe, nafuu ya mkojo si uchunguzi. Mzee mwenye saratani ya tezi dume naye huamka usiku, na akipata nafuu kidogo atakaa nyumbani mwaka mzima akiamini amepona. Hofu yetu kubwa juu ya mzee yule ilikuwa hiyo, zaidi ya gome lenyewe.

Upande wa madhara nao umeangaliwa hapa hapa nchini. P. K. Gathumbi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliwapa panya kiini cha gome la muiri kwa viwango mbalimbali. Kwa viwango vya chini, hata kwa wiki kadhaa, hawakuona dalili za sumu. Kwa kiwango kikubwa sana viungo vya ndani viliharibika na baadhi ya panya wakafa. Mti ni ule ule na gome ni lile lile. Kilichobadilika ni kiasi. Anayesema dawa ya miti haina madhara kwa kuwa ni ya asili, na amwulize mchungaji ni majani mangapi porini ambayo mbuzi wake hawagusi.

Mfano wa pili wengi wenu mnaukumbuka, ingawa jina la mti huenda limewatoka. Kuna kichaka cha miiba chenye maua meupe yenye harufu nzuri na matunda meusi matamu wanayochuma watoto. Kwa Kiswahili huitwa mtandamboo, Wakikuyu husema mukawa, na wataalamu huuita Carissa. Festus Tolo na wenzake wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, walichukua mizizi yake wakaijaribu dhidi ya virusi vya hepesi, vile vinavyotoa malengelenge midomoni na sehemu za siri. Mwaka 2006 walichapisha matokeo: kiini kilizuia virusi ndani ya vyombo, na panya walioambukizwa wakapewa kiini hicho walicheleweshewa maradhi na wakaishi muda mrefu zaidi. Ni jibu zuri, na ni jibu jembamba: kirusi fulani, katika vyombo na katika panya. Watafiti hawakudai zaidi ya hapo.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2011, mti wa ukoo huo huo ulichemshwa katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyejulikana kwa jina la Babu, aliugawa kwa kikombe kimoja kwa shilingi 500 za Tanzania, akisema kwamba amefunuliwa ndotoni. Kikombe kilisemwa kuponya UKIMWI, kisukari, saratani, pumu na shinikizo la damu. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi. Walitoka hapa Kenya vilevile, na pwani yetu haikubaki nyuma. Tuliona mabasi yakijazwa na wagonjwa waliobebwa kwenye magodoro. Mzee Masapila alifariki mwaka 2021 na hatuna la kumhukumu, Mola ndiye mwenye hukumu. Ila kikombe hakikumuua mtu kama kulivyoua kuacha dawa. Wako waliotupa vidonge vya kupunguza makali ya virusi, na wako wenye kisukari walioacha sindano, kwa sababu waliambiwa wamekwisha kupona na wakajiona wepesi siku mbili tatu. Nasi tunashuhudia kwamba hakuna aliyekuwa akiwapima kabla na baada katika foleni ile.

Kuna watakaotuambia kwamba kupima ni mambo ya wazungu na sisi twatosheka na habat soda, iliyokuja katika hadithi sahihi kuwa ina shifaa ya kila maradhi isipokuwa mauti. Hadithi twaiamini. Lakini wanazuoni wameisoma kwa elimu: Al-Khattabi, mmoja wa washereheshaji wakubwa wa hadithi, alieleza kwamba tamko ni la jumla na linalokusudiwa ni maradhi mahususi. Ama kupima, waliotutangulia ndio walioandika kanuni zake. Abu Bakr Al-Razi aliwagawa wagonjwa wa homa ya kichwa, akawatoa damu baadhi na akawaacha wengine makusudi ili aone tofauti. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika kitabu cha pili cha Al-Qanun masharti ya kuijaribu dawa: ijaribiwe kwa maradhi mamoja yasiyochanganyika na mengine, athari yake ionekane tena na tena isije ikawa ni bahati, na ijaribiwe kwa mwili wa binadamu, kwa kuwa kinachomfaa farasi au simba hakithibitishi chochote kwa mtu. Tuliposomeshwa madrasa majina haya tuliyataja kwa fahari, lakini masharti yao hatukufundishwa. Na Abu Daud amepokea kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara. Wauza mizizi wa sokoni wangeisikia hadithi hiyo wengi wangefunga mifuko yao mapema.

Turudi kwa mja mzito, kwa kuwa yeye ndiye mwenye hatari kubwa na ndiye anayeulizwa mara chache zaidi. Majaribio yote ya muiri kwa binadamu tuliyoyataja yalifanywa kwa wanaume wazima. Hakuna hata mmoja kati ya wale 1,562 aliyekuwa na mimba. Basi ushahidi wa mzee haumfai binti kwa lolote, hata kama ni ushahidi mwema. Hapa pwani tuna mwarobaini uani, na twaupenda, na jina lake lenyewe latangaza maradhi arobaini. Mafuta ya mbegu zake yamejaribiwa kwa wanyama na yameonekana kuzuia na kuharibu mimba. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo kwa nia njema na jamaa zao. Baada ya saa chache walitapika, wakazama usingizini na kupatwa na degedege. Mama anayempaka mtoto majani ya mwarobaini ngozini anafanya jambo moja. Anayemtia mafuta ya mbegu kinywani anafanya jambo jingine kabisa.

Akina mama wengi huficha dawa za miti wanapokwenda kliniki, kwa kuogopa kukaripiwa. Tunaelewa, wako wauguzi wenye ndimi kali. Hata hivyo mkunga asipouliza, mama aanze mwenyewe kusema: jina la mti kwa lugha aliyoambiwa nayo, kama ni gome au mzizi au jani, limechemshwa au limelowekwa, vikombe vingapi kwa siku, na tangu lini. Akiweza, abebe na kipande chake ndani ya karatasi.