Kabla Giaboksi Haijashushwa

Iringa

Mpwa wangu,

Mama yako kanisimulia kwa simu. Nasikia hiyo Subaru Impreza STI imeanza kunguruma bila kwenda, na fundi anataka kushusha giaboksi Jumamosi. Mwombe asubiri kidogo. Huenda klachi imeisha kweli, simpingi. Lakini kujua kwamba inateleza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua inateleza kwa nini, na hiyo ndiyo itakayookoa hela yako.

Kwanza hakikisha. Tafuta barabara tulivu yenye mwinuko, uende na mwenzako wa kukusomea geji ili macho yako yabaki mbele. Injini ikishapata moto, weka gia ya nne, RPM kama 2000, kisha kanyaga mafuta. Klachi ikiwa imeshika, mishale miwili haiachani: kama RPM 2000 inakupa kilomita 58 kwa saa, 3000 lazima ikupe 87. Turbo ikianza kusukuma, RPM ikaruka na mwendo ukabaki palepale, jibu umelipata. Achia mafuta hapohapo, maana kila sekunde ya kuteleza inaunguza pleti.

Usichanganye na matairi kusota. Geji ya mwendo inasoma upande wa magurudumu, kwa hiyo tairi likisota mishale yote hupanda pamoja. Tena gari lako linavuta kwa magurudumu manne. Kwenye lami kavu matairi yanashika, na mzigo wote unaiangukia klachi.

Wapo watakaokwambia uvute hendibreki, uweke gia ya nne, uachie klachi: injini ikizimika, klachi nzima. Jaribio hilo hukamata klachi iliyokwisha kabisa. Yako inaweza kuzima injini vizuri tu ikiwa sailensa, halafu ikateleza turbo ikija. Wala usiamini urefu wa pedali. Kwenye klachi za waya pedali hushikia juu zaidi kadiri pleti inavyolika, lakini yako ni ya haidroliki, inajirekebisha yenyewe.

Sasa sababu. Anza na isiyohitaji kufungua kitu kikubwa. Pedali ina nafasi kidogo ya bure kabla ya kuanza kusukuma? Kama fito ya masta silinda imekazwa mno, mafuta ya klachi hayarudi kwenye kikopo, presha inabaki ndani na pleti haibanwi sawasawa. Siku inateleza, bila mtu kugusa pedali, fundi alegeze niplo ya kutolea hewa kwenye silinda ya upande wa giaboksi. Mafuta yakichomoza kwa nguvu, na gari likashika tena baada ya hapo, pleti haina kosa.

Pili, aangalie chini, injini inapoungana na giaboksi. Oili ya injini ikivuja kwenye sili ya nyuma, au kwenye kile kifuniko kilicho nyuma ya flaiwili, ambacho kwenye baadhi ya injini hizi ni cha plastiki, hulowesha pleti. Oili ya giaboksi utaitambua kwa harufu yake ya kiberiti. Ukifunga pleti mpya bila kuziba uvujaji, nayo italowa vilevile.

Tatu ndiyo ninayoishuku. Huko Japani gari hilo lilitoka na nguvu farasi 280, na klachi yake ilipimwa kwa kazi hiyo. Aliyekuuzia alikwambia kompyuta imepangwa upya ili turbo isukume zaidi. Mficha uchi hazai: mwambie fundi. Kinachoishinda klachi ni torki, ndiyo maana inateleza ukipanda kwa gia kubwa na wala si ukiondoka kwenye taa. Pleti mpya ya kawaida nayo itateleza. Ama urudishe presha ya turbo ya kiwandani, ama ununue presha pleti ngumu, na kwenye foleni ya jioni ya Mbagala mguu wako wa kushoto utaisoma namba. Mimi ningerudisha presha.

Ikibidi kushusha, uwepo mwenyewe. Flaiwili yenye madoa ya bluu imeungua. Ichongwe, na ikiwa na nyufa ibadilishwe. Sili na rilizi bering zibadilishwe siku hiyohiyo, maana gharama ya kushusha ni ileile. Kisha daka pleti ya zamani kabla haijatupwa. Iliyolika sawasawa hadi kwenye riveti imezeeka. Iliyo nene bado lakini imeng'aa kama kioo imeunguzwa, ama na nguvu iliyoongezwa, ama na mguu unaopumzika kwenye pedali. Iliyolowa ina kesi na oili.

Nitumie picha yake kwanza. Mambo ya bei tutazungumza baadaye.

Mjomba wako