Mamba wa Tunduma atavaa koti gani?

Mwezi wa sita na wa saba Tunduma si mchezo, msomaji wangu. Asubuhi makuli wamezama ndani ya makoti ya mitumba, madereva wa malori wanagombea chai ya tangawizi, na mabinti wanaojua kupendeza wameficha magauni yao chini ya masweta. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake haimwonei mtu haya.

Katika baridi hiyo hiyo mshikaji wangu mmoja akaniletea dili. Eti anataka kufungua bustani ya vinywaji kando ya barabara kuu, katikati achimbe bwawa la mamba wawili, ili madereva wanaosubiri kuvukia Nakonde wapige nao picha. Mtaji? Pesa aliyoitunza kwa ajili ya mahari! Mchumba mwenyewe anajua tu kwamba mambo yanaiva.

Nikamuuliza swali moja: "Usiku wa Julai hao mamba watalala wapi?"

Akajibu bila wasiwasi, "Ndugu yangu, si tutawafunika blanketi?"

Hapo ndipo penye kimbembe. Blanketi halina moto wake. Ukijifunika wewe, mwili wako ndio jiko, blanketi linazuia tu joto lisitoroke. Mamba hana jiko hilo. Joto lake anakopa kwa jua na maji. Ukimfunika akiwa amepoa, umemtunzia baridi yake, basi!

Mamba wetu wa Afrika hujisikia vizuri mwili wake ukiwa kwenye nyuzi 28 hadi 33 hivi. Akipoa sana anakuwa mzito na kususa nyama. Hata akila, tumbo halisagi, chakula kinaweza kumuozea humo humo. Usidanganywe na binamu yake wa Marekani, yule aligeta. Mwaka 2018 huko North Carolina, maji yaliganda na aligeta wakaonekana wametoa pua tu juu ya barafu, wakisubiri jua. Wa kwetu hana ujanja huo.

Wanaofuga mamba kwenye nchi za baridi hutafuta joto kwanza, mnyama baadaye. Kule Pierrelatte, Ufaransa, kuna shamba la mamba lililofunguliwa mwaka 1994. Lilipashwa kwa maji ya moto yaliyotoka kwenye kiwanda jirani cha kurutubisha urani. Kiwanda kiliposimama mwaka 2012, wenyewe ikabidi watafute joto pengine. Mamba hajali kiwanda kimefungwa au la, yeye anataka joto lake.

Kwa Tunduma maana yake ni hii: banda la ndani lenye kuta nene lisilopitisha upepo. Bwawa liwe na maji mengi yanayopashwa, maana maji mengi hayapoi haraka. Taa za joto zizungushiwe wavu asije akajiunguza, kipima joto kikae majini, na jenereta iwe tayari umeme ukikatika saa nane usiku. Na hayo yote si ya siku moja, ni kila usiku wa kipupwe, mwaka hadi mwaka. Mamba anaweza kuishi miaka kuliko baa yako!

Halafu kuna sheria. Mamba si kuku wa kuokota njiani. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na bila hicho bustani yako inaweza kuhamia lupango.

Anayetaka kuona mamba wenye afya ateremke bonde la Rukwa, huku huku mkoani Songwe. Kule wanaota jua bure, na jua halijawahi kumletea mtu bili. Mshikaji wangu nilimpa ushauri mmoja: mahari kwanza. Mke anaweza kukusaidia kupiga hesabu, mamba hawezi.