Kasi Isiyohakikiwa

Miaka michache iliyopita, katika joto la Februari hapa Bagamoyo, nilikaribia kumpotosha mwanafunzi wangu. Alikuwa na takwimu za kaya za wavuvi wa ukanda wetu, nami nikamwahidi kuzichambua nyumbani, kwa kuwa kompyuta yangu ya mezani ilikuwa na nguvu kuliko yake. Siku ya kuwasilisha tasnifu ilikuwa imekaribia. Nikaamua kuiongezea prosesa mwendo kupita kiwango ilichopangiwa kiwandani.

Kazi ya saa tano ikaisha kwa saa nne na nusu. Nilifurahi, hadi niliporudia hesabu ileile, kwa data zilezile, nikapata jibu jingine. Kompyuta haikuwa imezima wala kutoa onyo lolote. Ilikuwa imekosea kimyakimya.

Ndugu msomaji, sababu yake si uchawi. Umeme unaoliwa na prosesa huongezeka kwa kufuata mwendo wake, na pia kwa kipeo cha pili cha volti. Ukipandisha mwendo kwa asilimia 10, na volti kwa kiasi hichohicho ili uuhimili, matumizi hupanda kwa takriban theluthi moja. Umeme huo wote hugeuka joto, na feni yangu ilikuwa ikipuliza hewa ya chumba ambacho tayari kilikuwa tanuri. Volti isipotosha au joto likizidi, prosesa huanza kubabaika. Ukishusha vyote viwili kwa asilimia 10, unapoteza sehemu ya kumi ya mwendo lakini unaokoa zaidi ya robo ya umeme.

Nikarudisha mipangilio ya kiwandani. Kisha nikapunguza volti kidogo kidogo, kila hatua nikiijaribu kwa saa kadhaa. Nikaiacha prosesa ikimbie penye kazi na ipumzike pasipo na kazi, badala ya kuifungia mwendo mmoja usiku kucha huku yuniti za LUKU zikiyeyuka. Hesabu ndefu nikazipa ukomo wa wati, na matokeo yakawa yanahifadhiwa kila baada ya muda, umeme ukikatika nisianze upya.

Kisa hiki hunikumbusha jambo kubwa zaidi. Mwaka 2005, Jakaya Kikwete, mwana wa mkoa wetu huu wa Pwani, aliingia Ikulu kwa kaulimbiu ya Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya. Mwaka uliofuata ukame ulishusha maji ya mabwawa, na nchi ikaingia katika mgawo wa umeme. Katika haraka ya kutafuta umeme wa dharura ukazaliwa mkataba wa Richmond. Kamati Teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ilikuta taratibu za zabuni zimekiukwa, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Kasi ilikuwapo. Uhakiki ndio uliochelewa, nao ulipofika tayari ulikuwa na gharama.

Huenda msomaji akasema kwamba leo tuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, hivyo kubana wati ni woga wa zamani. Sikubaliani naye. Wingi wa umeme haupunguzi joto la chumba changu, wala hausahihishi hesabu iliyokosewa. Vivyo hivyo, wingi wa fedha hausahihishi mkataba ambao hakuna aliyeusoma mara mbili.

Nilimwomba mwanafunzi wangu siku nne zaidi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Dokta, si ulisema mashine yako ina kasi?" Nilimweleza ukweli wote, pamoja na aibu yangu. Tasnifu ilichelewa siku nne, lakini kila namba iliyomo nilikuwa nimeihesabu mara mbili, na mara zote mbili ilitoka ileile.