Usiku Tulioingoja Pantoni

Mwaka 1984 nilikuwa nesi mkunga katika zahanati moja kusini mwa mto Rufiji. Vyumba viwili, kitanda kimoja cha kuzalia, na jokofu la mafuta ya taa ambalo wiki ya tatu ile lilikuwa limegeuka kabati, maana mafuta yenyewe hayakuonekana. Miaka ile hata sabuni tuliipangia foleni.

Yule dada aliletwa jioni moja ya Novemba juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne wakipokezana. Alikuwa na uchungu tangu juzi yake. Siku mbili hizo alikaa nyumbani, akina mama wamemzunguka, wakimtaka ataje. Uchungu ukichelewa, mwanamke huulizwa jina la mwanamume wa nje. Akilitaja, njia hufunguka. Yeye hakuwa na la kutaja. Mume alikuwa Dar es Salaam akitafuta maisha, na ruhusa ya kumtoa nyumbani ilikuwa mikononi mwa shemeji yake mkubwa, naye alikuwa porini kwenye mikorosho hadi jioni ile. Nilimkasirikia mama mkwe kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyetangulia kuuliza.

Mtoto alitoka saa mbili usiku, akalia. Kondo likafuata, zima. Nikashukuru mapema mno. Mji wa mimba uliohangaika siku mbili huchoka, haukazi tena. Na usipokaza, mishipa ya pale kondo liliposhika hubaki wazi. Damu haikuja kwa kishindo. Ilikuja tu, bila kukoma, ikalowesha khanga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamweka mtoto kwenye ziwa ili mji ukaze, nikasugua tumbo. Sindano ya ergometrini ya kukaza mji, iliyopaswa kuwa angavu kama maji, ilikuwa imegeuka rangi kwa joto. Nikamchoma hivyo hivyo, kwa kuwa sikuwa na nyingine.

Kijijini palikuwa na lori la korosho. Dereva akasema dizeli aliyonayo ni ya kumfikisha kwa tajiri wake, basi. Hapo mama mkwe akavua vipuli vyake vya dhahabu akamtilia mkononi, bila neno. Akabaki na mtoto. Shemeji akakaa mbele, mimi nikapanda nyuma juu ya magunia, ngumi moja ndani, kiganja cha pili juu ya tumbo, nimeubana mji katikati. Ukilegeza, damu inarudi. Na lori likidunda kwenye mashimo, utalegeza tu.

Tulifika Ndundu, kivukoni Rufiji, kama saa nane usiku. Pantoni ilikuwa ng'ambo, watu wake wamelala. Dereva akawasha taa, akazima, akawasha, akapiga honi. Shemeji aliingia majini hadi magotini akipiga kelele, mpaka nikamwambia atoke, kuna mamba. Yule dada aliomba maji. Akaomba tena. Ilipofika adhana ya alfajiri alikuwa ameshanyamaza.

Kwenye daftari niliandika: kutoka damu baada ya kujifungua. Nafasi ilikuwa ya sababu moja.

Februari 1987 wakubwa walikutana Nairobi kuzungumzia uzazi salama, na tukasikia kwamba wanawake nusu milioni hufa kila mwaka duniani. Miaka baadaye, kwenye semina, mkufunzi alituchorea visanduku vitatu ubaoni: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Wenzangu wakanakili. Mimi nilikuwa nawaza vile vipuli viingie kisanduku kipi. Siku hizi ipo misoprostoli, kidonge cha kukaza mji kisichodai jokofu, na tangu 2003 lipo Daraja la Mkapa juu ya mto ule. Nimelivuka kwa basi nikiwa nimekodolea saa yangu, hata dakika mbili hazikutimia. Utafiti wa kitaifa wa 2004–05 ulikadiria vifo vya uzazi 578 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022, vifo 104. Nafurahi, sikatai.

Arobaini ya yule dada ilipopita, mama mkwe alimleta mtoto kliniki kupimwa uzito. Masikio yake yalikuwa matupu. Akangoja wenzake watoke, ndipo akanisogelea.

"Mwanangu nesi, kule njiani, alitaja mtu?"

"Hapana, bibi. Aliomba maji."