Tundu la Sita

Baba yangu alichechemea tangu mwaka 1961 hata alipofariki. Waliomwona njiani Ruiru walidhani ni baridi ya mifupa. Kumbe ni risasi, tena risasi ambayo hakuna mtu aliyekusudia kuifyatua.

Siku zile alikuwa mtumishi katika shamba moja la kahawa, na kazi yake ilikuwa kumtunzia bwana wake silaha wakienda kuwinda. Wanyama walipigwa kwa bunduki; bastola ilivaliwa kiunoni ili kummaliza mnyama aliyejeruhiwa. Ilikuwa kuukuu, yenye matundu sita, na kabla ya kila risasi ilipasa nyundo yake ivutwe kwa kidole gumba. Namna hiyo ya bastola, ambayo Wamarekani waliizoea sana tangu miaka ya 1870, ni rahisi kuielewa. Ubaya wake ni huu: nyundo ikilala, ncha yake hugusa fataki ya risasi iliyo mbele yake. Ikigongwa, risasi yaweza kutoka, ijapokuwa hakuna kidole kilichogusa mtambo wa kufyatulia. Kipo kituo ambapo nyundo husimama nusu, lakini pembe yake ya chuma ni nyembamba, nayo hulika na kuvunjika. Kwa hiyo wajuao hutia risasi tano tu, wakailaza nyundo juu ya tundu tupu.

Baba alijua. Kila mara alitia tano. Siku hiyo walipita Thika wakielekea Ol Donyo Sabuk, na kwa kuwa huko kulikuwa na nyati, bwana akaamuru, "Jaza zote." Baba akajaza. Nilipokua nilimwuliza kwa nini hakusema neno. Akanijibu, "Mwanangu, siku zile nani alimfunza bwana wake?"

Waliposhuka garini mkanda ulifunguka, bastola ikaangukia nyundo juu ya jiwe. Risasi ikampata Baba chini ya goti. Bwana yule, nisimsingizie, alitetemeka mwili mzima, akampeleka mwenyewe hospitali.

Mwaka 1973 kampuni ya Ruger ya Marekani ilianza kuuza bastola za namna hiyo zenye kipande cha chuma kinachofikisha pigo la nyundo kwenye ncha pale tu mtambo unapovutwa. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji. Lakini bastola kuukuu hurithiwa kama ilivyo, na hesabu yake haibadiliki.

Wajukuu walipomwuliza Baba zilikuwamo risasi ngapi, aliinua vidole vitano, akanyamaza kidogo, ndipo akainua cha sita.