Protini ya Tezi, Si ya Saratani

Wanaume waliopimwa PSA, protini ya tezi dume, ni wengi. Walioishika protini yenyewe ni wachache. Mwandishi wa kumbukumbu hizi ni mmoja wao. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilipita ndani ya chumba baridi cha maabara, nyuzijoto 4, huku amevaa sweta hata siku za jua kali.

Alipoingia kazini, njia ilikuwa imekwisha kufyekwa. Mwaka 1979 huko Buffalo, jimbo la New York, Ming C. Wang na wenzake katika maabara ya T. Ming Chu, kituo cha saratani cha Roswell Park, walitangaza kwamba wameitenga protini hiyo ya tezi dume, yenye uzito wa daltoni 33,000 hadi 34,000. Walioonyesha njia walikuwa sungura. Sungura akidungwa rojo la tezi dume, mwili wake hutengeneza kingamwili za kila aina. Seramu yake huchanganywa na damu na tishu nyingine za binadamu, ili kingamwili zisizotakiwa zing'ang'anie huko na kuondolewa. Zinazobaki huitambua tezi dume. (Sungura hao hawakutajwa miongoni mwa waandishi wa makala, ingawa walistahili.)

Mwandishi mwenyewe hakutumia tezi, alitumia manii. Ndiko protini hii inakofanya kazi: hukata protini za manii yaliyoganda, yakawa majimaji, mbegu zikapata kuogelea. Mwandishi huyaacha manii yayeyuke, huyazungusha kwenye mashine hadi seli zitue chini, kisha huongeza chumvi ya amonia salfeti kidogo kidogo mpaka protini zijitenge na maji. Halafu huja mirija ya kioo iliyojaa shanga za jeli: mmoja huchambua protini kwa chaji ya umeme, mwingine kwa ukubwa. Tone kwa tone, usiku kucha. Haraka haina nafasi humo.

Ugumu hasa ulikuwa kwenye kingamwili za kuitambua PSA. PSA ina ndugu yake, protini iitwayo hK2, anayefanana naye kwa takriban asilimia 80, na seramu ya sungura huwachanganya kwa urahisi. Mbinu iliyotangazwa na Köhler na Milstein mwaka 1975, ya kuunganisha seli ya kinga ya panya na seli ya saratani, ilileta kingamwili za aina moja tupu. Hapo mtu aliweza kuchagua ile inayomkamata PSA na kumwacha ndugu yake apite.

Kinachomkera mwandishi hadi leo ni jinsi majibu ya kipimo cha PSA yanavyosomwa. Manii aliyokuwa akiyasafisha yalitoka kwa wanaume wazima wa afya, na yalikuwa na PSA ya kupimwa kwa miligramu. Katika damu hupimwa kwa nanogramu, karibu mara milioni moja pungufu. Tezi ikivimba kwa uzee, ikipata maambukizi au ikisumbuliwa, kiasi kinachovujia damuni huongezeka. Saratani ni sababu mojawapo tu. Richard Ablin, aliyeeleza antijeni za tezi dume mwaka 1970, alilalamika hadharani mwaka 2010 kwamba kipimo hiki kimetumika vibaya.

Kwa hiyo, mzee wangu, ukiambiwa PSA yako imepita nanogramu 4 kwa mililita ya damu, usikimbilie kuandika wosia. Muulize daktari kama una maambukizi, kama kipimo kirudiwe, na kama kinyofu cha tezi kichukuliwe. Saratani huthibitishwa kwa kinyofu hicho chini ya hadubini.